Namba ya Juu Kabisa



Ijumaa ya tarehe 29 Novemba 2019, majira ya saa nane mchana kwa saa za hapa London, mtu mwenye visu aliwashambulia watu ndani ya ukumbi wa Fishmongers' Hall, kando kabisa ya daraja la London Bridge. Vijana wawili waliuawa. Habari ilipoanza kuenea, watu wa jiji hili waliingiza mikono mifukoni wakatoa simu. Nani wetu alikuwa anapita darajani saa hiyo? Dada aliye zamu hospitali ya Guy's, hatua chache kutoka pale, ametoka salama? Wahandisi wa BBC walikuja kueleza baadaye walichokiona kwenye vipimo vyao siku ile. Tovuti ilikuwa ikipokea maombi kama 4,000 kwa sekunde. Ndani ya dakika moja yakafika 12,000. Dakika chache baadaye yakakaribia kuongezeka maradufu tena, 23,000 kwa sekunde.

Ni hiyo dakika moja ninayotaka tuizungumze leo. Ni nani aliyejiandaa kwa ajili yake, alijiandaaje, na aliamua kujiandaa kwa watu wangapi?

Redio ina neema ambayo intaneti haina. BBC iliporusha matangazo yake ya kwanza ya Kiswahili kutoka London mwaka 1957, mtambo haukujali kama anayesikiliza ni nyumba moja au pwani nzima kuanzia Lamu hadi Kilwa. Wimbi likishatoka limetoka. Msikilizaji wa milioni moja hamnyang'anyi wa kwanza kitu. Tovuti haiko hivyo. Kila anayefungua ukurasa anabisha hodi peke yake, na upande wa pili lazima awepo wa kumfungulia, amtafutie alichokuja kukitaka, amkabidhi. Wakibisha wengi kuliko wafunguaji, foleni inaanza. Foleni ikirefuka, simu za watu zinachoka kusubiri na kujaribu upya, na majaribio hayo mapya yanaongeza foleni. Hivyo ndivyo tovuti inavyokufa katika saa ileile watu wanapoihitaji kuliko siku nyingine zote.

Dawa iliyoenea katika miaka hii kumi ni kuzifanya kompyuta ziongeze wafunguaji zenyewe. Programu siku hizi haiwekwi kwenye mashine kama zamani. Inafungashwa pamoja na kila inachokihitaji ili iendeshwe, na kifurushi hicho huitwa kontena. Nakala ya pili, ya kumi au ya mia ya kontena hilo inaweza kuwashwa kwenye mashine yoyote ya kundi, na zote zikafanya kazi ileile. Kundi hilo la mashine zinazoshirikiana ndilo klasta. Kazi ya kuamua nakala ngapi ziwake, na ziwake kwenye mashine ipi, mara nyingi hukabidhiwa mfumo uitwao Kubernetes. Google iliutoa mwaka 2014 kutokana na uzoefu wa mfumo wake wa ndani, Borg, na toleo kamili la kwanza likatoka Julai 2015. Leo umeenea kiasi kwamba Aprili 2025 watumiaji wake walikutana hapa London kwa siku nne, kwenye kumbi za ExCeL zilizojengwa ukingoni mwa gati za zamani za Royal Docks. Walifika zaidi ya 12,000.

Sasa tuingie ndani kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapoambiwa kwamba kuna maajabu, na maajabu hayapo.

Ndani ya Kubernetes mna kijiprogramu cha kupima. Kila baada ya sekunde 15, usipokibadilishia muda huo, kinatazama nakala zilizopo zimelemewa kiasi gani. Tuseme mwenye huduma ameandika kwamba kila nakala ibebe asilimia 60 ya nguvu iliyotengewa. Zipo nakala nne, na kipimo kinasema kila moja imefika asilimia 90. Kijiprogramu kinachukua nne, kinazidisha kwa 90, kinagawa kwa 60. Jibu ni sita, kwa hiyo zinawashwa mbili zaidi. Tofauti ikiwa ndani ya sehemu moja ya kumi, kinanyamaza. Mzigo ukipungua hakikimbilii kuzima. Kinangoja dakika tano kwanza, kisije kikazima sasa na kulazimika kuwasha tena punde. Mtoto wa darasa la sita anaiweza hesabu hii.

Lakini 60 ile imetoka wapi? Imeandikwa na mtu. Mtu huyohuyo, au mkubwa wake, ameandika pia idadi ya chini kabisa ya nakala, zile zitakazobaki zimewaka hata saa tisa usiku wakati hakuna anayebisha. Na ameandika idadi ya juu kabisa, ambayo mashine haitaivuka hata watu wakija kama mvua ya masika. Namba hiyo ya juu huwekwa kwa sababu za haki kabisa: nguvu ya kompyuta za wingu hukodiwa na kulipiwa kwa muda inapotumika, na programu yenye kosa inaweza kujizalisha usiku kucha na kumwachia mwenyewe ankara ya kutisha asubuhi. Hata hivyo, namba ya juu ni uamuzi wa mtu kwamba kuanzia mtu wa kadha na kuendelea, hao wengine watasubiri. Uamuzi huo haumo kwenye kompyuta. Umo kwenye mkutano, mara nyingi mkutano wa bajeti, na umma unaohusika hauambiwi.

Halafu mfumo huu, kwa maumbile yake, huchelewa. Hauoni umati unaokuja. Unaona tu mzigo uliokwisha fika. Lazima nakala zilemewe kwanza, kipimo kikusanywe, hesabu ipigwe, nakala mpya ziwashwe na zijiandae. Kontena huwaka kwa sekunde, ila mashine za klasta zikiwa zimejaa inabidi kukodi mashine nyingine nzima, na hiyo huchukua dakika. Mpishi wa harusi anayengoja wageni wakae mkekani ndipo abandike sufuria la pilau, hata moto uwe mkali vipi, wageni watakaa na njaa. Kwa BBC, ambako mzigo uliongezeka mara tatu ndani ya dakika moja, mashine ya kuwashwa kwa dakika kadhaa ingekuta mambo yamekwisha haribika. Ndiyo maana walipokuwa wakiihamishia tovuti yao kwenye wingu, kazi waliyoimaliza mwaka 2020, sehemu kubwa ya kurasa waliiweka kwenye mtindo mwingine, ule ambao vipande vidogo vya programu huitwa kila ombi linapoingia na mwenye wingu ndiye anayeweka nguvu ya akiba tayari. Sikusudii kusifu mtindo mmoja kuliko mwingine. Ninachosema ni kwamba walipima umati wao halisi, wakachagua kulingana nao.

Sasa niwapeleke kwenye tukio jingine, la usiku, ambalo kwangu lina somo kubwa zaidi, maana liliigusa haki ya kupiga kura.

Mwaka 2016 Uingereza ilikuwa inajiandaa kwa kura ya maoni ya tarehe 23 Juni kuhusu kubaki au kutoka katika Umoja wa Ulaya. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa saa sita usiku wa tarehe 7 Juni. Jioni hiyohiyo televisheni ya ITV ilirusha kipindi kikubwa ambamo David Cameron na Nigel Farage, mmoja baada ya mwingine, walihojiwa na wananchi. Kipindi kikaisha, na watu waliokuwa wameahirisha kwa wiki nzima wakafungua tovuti ya serikali ya kujiandikisha. Kuanzia kama saa nne na robo usiku tovuti ilianza kushindwa. Watu wakabaki wanatazama ukurasa usiofunguka, na saa sita inakaribia. Walikuwemo raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali, Wakenya, Watanzania na Waganda, ambao sheria ya Uingereza iliwapa haki ya kupiga kura ile ingawa raia wengi wa nchi za Ulaya wanaoishi hapa hawakuwa nayo.

Serikali ilikiri hitilafu hiyo, na kwa haraka ikatunga kanuni ya kusogeza mwisho wa kujiandikisha kwa siku mbili, hadi usiku wa tarehe 9. Mamia ya maelfu ya maombi yalipokelewa katika siku hizo mbili. Kamati ya Bunge iliyolichunguza jambo hilo ilisema mwaka 2017 kwamba haiwezi kuondoa uwezekano wa shambulio la makusudi. Serikali ikajibu kwamba haikuona ushahidi wa hilo, kwamba lilikuwa wimbi la watu tu.

Chukueni hilo la wimbi. Je, lilikuwa la kushtukiza? Shambulio la London Bridge hakuna aliyelipangia ratiba. Ila siku ya mwisho ya kujiandikisha imo kwenye sheria, na kipindi cha televisheni kilitangazwa kabla. Tena binadamu anajulikana kila mahali: huja siku ya mwisho, saa ya mwisho. Umati wenye tarehe haufai kuachiwa kijiprogramu cha sekunde 15 kiugundue. Unaandaliwa mchana, nakala zinawashwa kabla jua halijazama, na mtu anakaa hapo akiangalia.

Kuna jambo jingine katika usiku ule ambalo mtambo wowote wa kuongeza nakala usingeligusa. Sehemu kubwa ya waliobisha hodi walikuwa tayari wamejiandikisha. Walikuja tena kwa sababu hapakuwa na mahali pa mwananchi kuuliza tu, jina langu limo au halimo? Kwa kukosa hakika wakajaza fomu upya, na nakala zao za ziada zikaenda kuwaelemea maofisa wa halmashauri waliolazimika kuzichambua moja moja. Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ililieleza tatizo hilo waziwazi na kuomba pawepo njia ya mtu kujiangalia. Mimi naiona hiyo ndiyo akili ya kazi. Kabla hujauliza utaongeza nakala ngapi, uliza nusu ya umati huu imekuja kufanya nini, na je, ingejibiwa kwa ukurasa mmoja mwepesi?

Serikali hiyohiyo ina mfano mzuri pia, na ni haki kuusema. Hapa London ilikuwako timu ya GOV.UK Notify, huduma iliyoanza mwaka 2016 ya kutuma barua pepe na ujumbe wa simu kwa niaba ya wizara, halmashauri na hospitali. Huduma hiyo ilipokuwa juu ya jukwaa la GOV.UK PaaS, ambalo limekwisha fungwa, timu iliandika programu yake ndogo ya kuongeza nakala. Haikutazama uchovu wa prosesa kwanza. Ilitazama urefu wa foleni ya ujumbe unaosubiri kutumwa, na hilo ndilo linalomgusa mgonjwa anayengoja kukumbushwa miadi yake. Ilitazama pia kazi zilizokwisha pangwa kutumwa baadaye, na ilikuwa na ratiba ya saa zinazojulikana kuwa na mzigo. Kwa maneno mengine, waliipa mashine kile ambacho watu wa ofisini wanakijua tayari.

Na kuongeza kwenyewe kunaweza kuleta madhara. Tarehe 29 Julai 2019 benki ya Monzo, benki ya London isiyo na matawi, ambayo mteja wake anaifikia hasa kwa simu, ilikuwa inapanua hifadhidata yake. Ilikuwa na seva 21, wakaongeza sita. Waliamini kwamba seva mpya zingejiunga na kukaa kimya mpaka zijazwe data. Mpangilio mmoja ukafanya kinyume chake: zikaanza kujibu maswali papo hapo, na ndani yake hamna kitu. Mteja anauliza kuhusu akaunti yake, swali linaangukia kwenye seva tupu, seva inajibu kwamba hakuna. Fikiria umesimama dukani na kikapu, na benki inakwambia haikujui. Iliwachukua mpaka usiku kuziondoa seva zile sita moja baada ya nyingine na kuhakikisha hesabu zote ziko sawa. Nawaheshimu kwa kitu kimoja: walilieleza tukio zima hadharani, saa kwa saa, pamoja na mpangilio wenyewe uliowaponza.

Tukio hilo linaonyesha tofauti ambayo mara nyingi hufichwa na maneno matamu ya wauzaji. Kontena lisilo na kumbukumbu, linalopokea swali, kujibu na kusahau, huongezwa bila shida. Hifadhidata, inayobeba nani ana kiasi gani na nani amelipa nini, haiongezeki hivyo. Nakala mia za mbele zikibisha kwenye hifadhidata moja ya nyuma, umeisogeza foleni tu kutoka mlangoni hadi ghalani.

Na ghala wakati mwingine liko nchi nyingine. Sisi tunaoishi hapa tunaijua wiki ya mwisho wa mwezi, na zaidi siku za kuelekea Idi na Krismasi, mshahara unapoingia na kila mtu anatuma nyumbani. London ndipo Ismail Ahmed, mzaliwa wa Somaliland, alipoanzisha kampuni ya WorldRemit mwaka 2010, na tangu hapo kutuma pesa kwa simu kumekuwa jambo la dakika. Lakini fedha ikitoka hapa inapita kwa benki, kwa wakala wa kubadilisha, kwa mtandao wa simu wa Nairobi au Dar es Salaam, na kila mmoja ana kiwango chake. Wa kwanza anaweza kuongeza nakala mpaka anapotaka. Mama aliye Tanga ataipata pesa kwa kasi ya aliye mwembamba kuliko wote katika mnyororo ule.

Niseme pia kuhusu wingu, maana jina hilo limewafanya watu waamini kwamba liko angani. Liko Slough na Docklands, na liko kwenye mabohari yasiyo na madirisha magharibi ya London. Tarehe 19 Julai 2022, Uingereza ilipovuka nyuzi joto 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake, mitambo ya kupoza hewa ilielemewa katika vituo vya Google na Oracle vya hapa London, na baadhi ya mashine zikalazimika kuzimwa. Siku hiyo hiyo vyumba vya seva vya hospitali za Guy's na St Thomas' vilishindwa, na madaktari wakarudi kwenye karatasi. Athari zake ziliendelea kwa wiki kadhaa. Klasta inaweza kuomba mashine mpya ipendavyo, ila ombi hilo mwisho wake ni waya wa umeme na feni.

Na waya nao una wenyewe. Mwaka huohuo wa 2022 mamlaka ya jiji iliwaonya wajenzi wa nyumba katika mitaa ya Hillingdon, Ealing na Hounslow kwamba miradi mikubwa mipya huenda ikangoja umeme wa kutosha hadi mwaka 2035, kwa kuwa vituo vya data vilivyojipanga kando ya nyaya za mawasiliano na barabara kuu ya M4 vilikwisha kuchukua nafasi kwenye gridi. Southall imo Ealing. Familia nyingi za Wahindi waliotoka Afrika Mashariki, wakiwemo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, zimeishi magharibi ya jiji hili kwa miaka hamsini, na wajukuu wao wanatafuta nyumba palepale. Wahandisi wanapozungumza juu ya kuongeza mashine bila kikomo, mimi huwafikiria vijana hao. Hatua za kuwaunganishia umeme mapema zaidi zimechukuliwa tangu hapo, lakini onyo lile lilionyesha namba ya juu kabisa iko wapi kwa kweli.

Wasikilizaji, huko nyumbani zipo siku zenye tarehe pia. Siku ya matokeo ya mitihani. Siku ya mwisho ya kuomba mkopo wa chuo, au kuwasilisha ritani ya kodi. Mnazijua, na mnaijua hali ya kijana aliyekaa kwenye kibanda cha intaneti tangu alfajiri, bando linaisha, ukurasa haufunguki, na mwenye kibanda anahesabu dakika. Kijana huyo akiambiwa "mtandao uko chini" anafikiri ni kudra. Upo uwezekano mkubwa kwamba kuna mtu aliandika namba, na namba hiyo ilikuwa ndogo. Au hakuna aliyeketi kuiandika kabisa.

Matokeo ya mtihani hasa yana wepesi wake. Hayabadiliki yakishatoka. Jibu la mtahiniwa ni lilelile saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kwa hiyo yanaweza kuandaliwa mapema kama kurasa zilizo tayari, zisizohitaji hifadhidata, yakasambazwa kwenye seva za mikoani, na yakatumwa kwa ujumbe mfupi kwa aliyejiandikisha. Hilo halihitaji klasta kubwa. Linahitaji mtu wa kukaa wiki mbili kabla na kuuliza watakuja wangapi, na watakuja saa ngapi.

Ningependa taasisi yoyote ya umma inayotangaza siku ya aina hiyo itangaze na mambo matatu pamoja na tarehe. Imejiandaa kuwahudumia watu wangapi kwa dakika. Tovuti yake imejaribiwa lini kwa mzigo huo, na mbele ya nani. Na atakayefika baada ya namba hiyo kujaa ataonyeshwa nini: ukurasa mweupe, au tiketi ya foleni yenye saa yake, pamoja na ahadi kwamba muda wa mwisho utasogezwa kama ulivyosogezwa hapa Juni 2016.